Kikapu cha Milulu cha Iringa: Tathmini ya Zawadi Inayofaa Rika Nyingi

Kuanzia mwezi wa Juni, mavuno yanapokuwa yameingia ghalani na baridi imekaza, nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya huingia katika msimu wa shughuli: harusi, kipaimara, ubatizo, kwenda kumwona mama aliyejifungua, na safari za kijijini kuwajulia hali wazee. Kila shughuli ina zawadi yake, na kwa kuwa muda huwa mfupi, wengi huishia kununua seti ya glasi au saa ya ukutani ambayo mpokeaji anayo tayari. Tathmini hii inahusu chombo kinachotengenezwa hapa hapa kwetu, ambacho nimekitoa na kukipokea kwa miaka mingi, nacho ni kikapu cha milulu kinachosukwa na wanawake wa Iringa. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetafuta zawadi ya mkono, ninakipendekeza kabla ya kingine chochote, kwa sharti kwamba kichaguliwe kwa kumfikiria mtu mmoja mahususi atakayekibeba, na kwamba kijazwe na mtoaji mwenyewe. Kikapu kilichonunuliwa kwa haraka na kutolewa kitupu hakina tofauti kubwa na ile saa ya ukutani.

Milulu ni mimea ya majimaji yenye mashina membamba na marefu, inayoota kwenye vinamasi na mabonde yenye unyevu. Wasusi, wengi wao wakiwa wanawake wa Kihehe waliojifunza kwa mama na bibi zao, huyakata mashina, huyaanika juani mpaka yapoteze ubichi na kupata rangi ya manjano iliyofifia, kisha huyatumia kusuka. Ukikigeuza kikapu kizuri na kukitazama kitakoni, utaona jinsi kazi ilivyoanza: mashina yamepangwa yakitoka katikati kuelekea pande zote, na nyuzi mbili mbili zimezungushwa juu yake zikipishana, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kitako kikakamilika na kuta zikaanza kupanda. Mistari ya rangi nyeusi, zambarau au nyekundu iliyokolea hupatikana kwa kutia mashina rangi kabla ya kuyasuka, na ndiyo maana katika kikapu cha kweli rangi huonekana ndani na nje kwa usawa. Kikapu ambacho mstari wake unaonekana nje tu kimepakwa rangi baada ya kusukwa, na rangi hiyo haitadumu.

Ubora wa vikapu hivi unatofautiana sana, hata vile vilivyopangwa kwenye meza moja. Jambo la kwanza ninalolifanya ni kukiweka kikapu kitupu mahali tambarare na kukisukuma kidogo kwa kidole. Kikiyumba, kitako kilikazwa upande mmoja kuliko mwingine, na kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa nyumbani. Baada ya hapo ninakiinua juu na kukitazama kwa ndani kikielekezwa kwenye mwanga. Vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa ni vya kawaida, lakini mahali ambapo mwanga unapita kwa wingi ni mahali msusi alipochoka au alipounganisha shina bila kulifungia mwisho wake. Mdomo wa kikapu unastahili uangalifu mkubwa kuliko sehemu zote, kwa sababu hapo ndipo ncha za mashina zinapokunjwa na kufichwa. Pitisha kiganja taratibu kuzunguka mdomo wote, na kama kuna ncha inayokuchoma, itamchoma pia bibi yako au itatoa nyuzi kwenye sweta ya mtoto.

Mishikio nayo ni ya aina mbili. Ipo ya milulu iliyosokotwa, ambayo ni sehemu ya kikapu chenyewe, na ipo ya ngozi, ambayo siku hizi hupendwa sana na wanunuzi wa mjini na wageni. Ya ngozi hupendeza na haikati kiganja, lakini ubora wake hutegemea kabisa namna ilivyofungwa. Ikiwa imepigiliwa kwenye safu mbili au tatu tu za milulu karibu na mdomo, uzito wa kilo chache utaing'oa pamoja na milulu yenyewe. Mshikio unaostahili kuaminiwa hushuka chini ukutani, ukashonwa kwa uzi mnene katika sehemu zaidi ya moja. Kuhusu mishikio ya milulu, ivute kwa nguvu ya kawaida ya mtu anayebeba mchele, na muuzaji mwenye bidhaa njema hatakukataza. Mwisho, loweka kona ya leso nyeupe kwa maji kidogo, uifute kwenye mstari wa rangi. Leso ikitoka na doa kubwa, kikapu hicho kitaharibu nguo siku ya kwanza ya mvua, na mvua zetu mnazifahamu.

Harufu pia inasema mengi. Kikapu kipya kina harufu ya nyasi kavu, wakati mwingine na moshi kidogo kutoka jikoni kilikosukiwa, na hizo hazina madhara. Harufu ya ukungu ni jambo jingine: ina maana kwamba milulu ilisukwa kabla ya kukauka vizuri au kikapu kilikaa muda mrefu stoo yenye unyevu, na madoa madogo ya kijivu yataanza kujitokeza baada ya wiki chache. Kikapu cha namna hiyo nisingekinunua hata kwa nusu ya bei.

Kuhusu mahali pa kununua, Iringa mjini ndiko kwenye uchaguzi mpana zaidi, katika soko kuu na kwenye maduka ya kazi za mikono. Mbeya nimevikuta soko la Mwanjelwa, ingawa ukubwa unaopatikana huwa ni wa aina chache. Hata hivyo, njia ninayoipenda zaidi ni kumwagiza msusi moja kwa moja. Mtu akifika kwa heshima, akasema "Kamwene, mama", salamu ya huku kwetu, akakaa na kueleza kikapu ni cha nani, umri wake na kazi atakayokifanyia, atapata kitu ambacho hakipo kwenye meza yoyote ya soko. Wasusi wengi hawahitaji mchoro wala vipimo vya sentimita. Chukua uzi, pima kutoka begani kwa mpokeaji mpaka usawa wa nyonga yake, funga fundo, na umpe msusi: hapo atajua urefu wa mshikio. Uzi wa pili uwe wa upana wa mdomo. Mpe muda wa kutosha, hasa msimu wa kulima na kupalilia, kwa sababu kwa wengi wao ususi hufanywa baada ya kazi za shamba, na kikapu kilichoharakishwa huonekana mdomoni mwake. Bei hutofautiana kulingana na ukubwa na mishikio, kuanzia shilingi elfu chache kwa kidogo hadi makumi ya elfu kwa kikubwa chenye ngozi. Nikiwa mnunuzi, huwa sipunguzi bei kwa msusi ninayemwagiza, kwa kuwa kikapu kikubwa ni kazi ya siku kadhaa na ninataka afanye mzunguko wa mwisho kwa uangalifu ule ule aliouanza nao.

Sasa nieleze kinavyofaa kwa watu wa umri mbalimbali, kwa sababu hapa ndipo zawadi hii inapoonyesha nguvu yake, na pia mipaka yake.

Kwa bibi au mama mzee, sioni zawadi inayoizidi. Milulu ni nyepesi, na wepesi huo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye mabega na viganja vyake vimeanza kuuma. Lakini kikapu cha mzee kisiwe kile kirefu kinachopendeza dukani. Kirefu humlazimisha kuinama na kupapasa ndani akitafuta miwani, dawa au funguo, na akikijaza kinakuwa kizito kuliko anavyoweza kuinua. Chagua kipana, chenye kina cha kiganja na nusu hivi, kitako tambarare kabisa, na mishikio minene isiyokata vidole. Mama mzee anayekwenda ibadani atatia humo Biblia, kitabu cha nyimbo, leso na mtandio, na bado atakibeba kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika fimbo. Ukitaka kuongeza mkono wako mwenyewe, shona ndani mfuko mdogo wa kitenge kwa ajili ya miwani. Kazi hiyo haihitaji cherehani, sindano na uzi vinatosha, na nimeshuhudia wazee wakikisifu kimfuko hicho kuliko kikapu chenyewe.

Kwa babu, hali ni tofauti kidogo. Wanaume wengi wa rika hilo kwetu hawapendi kuonekana barabarani na kikapu, na si busara kumpa mtu zawadi itakayomtia aibu. Hata hivyo, kikapu kipana kisicho na mishikio, cha kukaa kando ya kiti chake, kikiwa na redio ndogo, betri, miwani na gazeti, kinapokelewa vizuri sana. Agiza mdomo wake uwe imara, maana ndio ataushika akikisogeza.

Kwa mama aliyejifungua, kikapu kikubwa cha duara hufanya kazi ya kabati dogo: khanga, nguo za mtoto, nepi na mafuta hukaa mahali pamoja karibu na kitanda. Kitandikwe kitambaa laini cha pamba ndani ili nguo za mtoto zisiguse milulu. Katika vitu utakavyomletea, unga wa ulezi ni zawadi inayoheshimika na inayotumika siku hiyo hiyo. Asali iwe ya mama peke yake, na umwambie waziwazi, kwa kuwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapaswi kulambishwa asali hata kidogo. Asali, hata ile safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtoto mchanga halina uwezo wa kuzizuia, na ugonjwa unaotokana nazo hudhoofisha misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Desturi ya kumlambisha mtoto asali ipo katika baadhi ya familia, na mtu anayebeba zawadi ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulisema jambo hili kwa upole.

Watoto wa miaka minne na kuendelea hukipenda kikapu kidogo kwa sababu wanapewa chombo cha kikubwa kwa kipimo chao. Mtoto wa kijijini ataokotea mayai, wa mjini atatunzia vinyago vyake. Ndani yake weka mwanasesere wa kitambaa uliyemshona mwenyewe kwa mabaki ya vitenge, na macho yake yadariziwe kwa uzi. Usimwekee vifungo wala shanga kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka 3, kwani vitu vidogo hivyo hung'oka na kuishia mdomoni, na mtoto anaweza kupaliwa.

Bibi harusi ndiye mpokeaji rahisi kuliko wote. Vikapu vitatu vinavyoingiana, kikubwa, cha kati na kidogo, vyote vya mstari mmoja wa rangi, hufaa kuanzia siku ya kwanza ya kuendesha nyumba, na havifanani na zawadi nyingine zitakazorundikwa ukumbini.

Kwa vijana wa sekondari na vyuo, sina uhakika uleule. Msichana anayependa mitindo atakifurahia kikapu cha mishikio ya ngozi kilichotiwa bitana ya kitenge na zipu na fundi cherehani, maana bila zipu hawezi kupanda nacho daladala huku simu ikiwa ndani. Kwa mvulana, kwa uaminifu, ningetoa kitu kingine. Kijana anayesoma hufurahia zaidi daftari la karatasi ya kinyesi cha tembo inayotengenezwa na Neema Crafts ya Iringa, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambacho kazi zake hufanywa na watu wenye ulemavu, na ambacho kilianza na vijana viziwi wakitengeneza karatasi hiyo. Tembo humeng'enya karibu nusu tu ya majani anayokula, kwa hiyo kinyesi chake kimejaa nyuzi za mimea, nazo zikioshwa, zikichemshwa na kupondwa, hutoa karatasi nene yenye chembechembe, isiyo na harufu. Kalamu ya wino mwepesi husambaa kidogo juu yake, hivyo ongeza kalamu ya risasi nzuri. Kijana ataliandikia mambo yake ya moyoni, na hesabu ataandika kwenye daftari la kawaida.

Nirudi kwenye kikapu na kujazwa kwake, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo mtoaji anaweza kuweka kazi ya mikono yake bila kuwa msusi. Nyanda zetu zina utajiri wa kutosha kujaza kikapu bila kuingia dukani: chai ya Mufindi au ya Rungwe, mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi, maharage, karanga, parachichi za Njombe zilizokomaa lakini bado ngumu. Chagua vitu viwili au vitatu ambavyo mpokeaji anavitumia kweli, na uviweke katika mifuko ya kitambaa uliyoishona mwenyewe badala ya mifuko ya plastiki. Kikapu kilichojazwa vitu kumi visivyohusiana humchanganya mpokeaji, na uzito wake hupima mishikio kabla ya wakati.

Asali ya misitu ya Mufindi ni nyongeza nzuri kwa mtu mzima, isipokuwa mwenye kisukari, ambaye afadhali apelekewe chai na karanga. Watu wengi hulalamika kwamba asali waliyopewa "imechakachuliwa" kwa kuwa imeganda na kuwa chembechembe. Kwenye baridi yetu kuganda ni tabia ya kawaida ya asali, kwa sababu sukari ya glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembe, na joto la chini huharakisha jambo hilo. Chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu kwa muda, asali inarudi kuwa laini, na si lazima kuichemsha, kwa kuwa kuichemsha hupoteza harufu yake. Andika maelezo hayo kwenye kipande cha karatasi na kukifunga shingoni mwa chupa, ili mpokeaji asidhani umempa kitu kibaya.

Jamu ya kutengeneza nyumbani ndiyo zawadi inayonifurahisha zaidi kuiandaa, hasa ya matunda damu au mapera. Matunda na sukari hupimwa kwa uzito unaokaribiana, na limau huongezwa kwa ajili ya uchachu na kusaidia kushika. Jambo ambalo mapishi yaliyoandikwa kwa watu wa pwani hayalisemi ni kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mbeya, ambayo iko juu zaidi, ni chini kidogo ya hapo. Chupa zilizojazwa jamu na kufungwa, ambazo pwani zingechemshwa ndani ya maji kwa dakika 5, kwetu zinahitaji dakika 10, na Njombe mjini, ambako ni juu zaidi, ni salama kufika dakika 15. Chupa ziwe zimeoshwa na kuchemshwa kabla, vifuniko viwe vipya, na baada ya kupoa bonyeza katikati ya kifuniko: kikibonyea na kurudi, chupa hiyo haikufunga vizuri, iliwe nyumbani mapema na isitiwe kwenye kikapu cha zawadi.

Wapo watakaouliza kwa nini nisipendekeze chungu cha Wakisi, ambacho nacho ni kazi ya mkono ya kusini na uzuri wake haubishaniwi. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu, na vyungu huletwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo karibu na Matema, ambako Jumamosi ndiyo siku yake. Vina kuta nyembamba kuliko mtu anavyotegemea, na mapambo yake mekundu na meupe hukaa vizuri. Kwa wanandoa wapya wanaopenda kupika, au kwa mtu anayetaka maji ya kunywa yapoe kwenye mtungi, ningekitoa bila kusita. Lakini chungu kinahitaji mpokeaji anayejua kukitunza, kwa maana kipya hulowekwa na kupikiwa uji kwa moto mdogo kabla ya kazi nyingine, na kikimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto hupasuka. Zaidi ya hayo, safari ya kutoka Matema hadi Iringa ni ya mamia ya kilomita, na nimeona vyungu vizuri vikifika vipande. Kikapu hukunjika kidogo, hurudi katika umbo lake, na kinaweza hata kukalisha chungu ndani yake kikiwa kimezungushiwa nyasi kavu. Mkiwa na uwezo wa kutoa vyote viwili kwa harusi moja, hakuna zawadi ya mkono ninayoijua kutoka kusini inayovizidi hivyo viwili vikiwa pamoja.

Sweta iliyofumwa kwa mkono pia ina mahali pake, hasa kwa mtoto mchanga na kwa mzee, kwa sababu baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Ya mzee iwe ya kufungua mbele kwa vifungo vikubwa, kwani mkono unaouma hauwezi kuinuliwa juu kuvaa sweta ya kichwani. Ukimwagiza mfumaji, mpelekee sweta ya zamani ya mpokeaji kama kipimo, na uombe uzi mmoja wa ziada ubaki kwa ajili ya kuziba itakapotoboka. Vitambaa vya kufuma vya makochi, ambavyo mama zetu walivitoa kwa kila harusi, vinaendelea kupendeza kwa mtu mwenye sebule ya namna hiyo, lakini ulizia kwanza, maana nyumba nyingi za vijana sasa hazina kochi la kuvibeba.

Kikapu cha milulu kina udhaifu wake, na mpokeaji anapaswa kuelezwa. Hakipendi maji. Kikilowa, kitikiswe na kuanikwa kivulini penye upepo, kisiwekwe karibu na jiko, kwa kuwa kukauka kwa ghafla huyafanya mashina yavunjike kwenye mikunjo. Wakati wa masika kisiwekwe sakafuni, hasa sakafu ya udongo, bali kining'inizwe. Panya huvutiwa na kikapu kilichobaki na chembe za mchele au karanga, na wakishakitoboa kitakoni ukarabati wake ni mgumu. Vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu tu. Kikapu kilichopoteza umbo hunyunyiziwa maji kidogo, kikajazwa nguo na kuachwa mpaka kikauke, nacho hurudi. Kwa matumizi ya sokoni kila siku, kubeba viazi na nyanya zilizolowa, tenga la mianzi linafaa zaidi, na nisingemdanganya mtu kwamba kikapu cha milulu kitalihimili hilo. Kwa matumizi ya ibada, safari nyepesi na nyumbani, vikapu ninavyovifahamu vimedumu miaka mingi, na mishikio ndiyo iliyotangulia kuchoka, jambo ambalo msusi au fundi viatu hulitengeneza kwa gharama ndogo.

Wanaotuma zawadi mbali, kwa mfano kutoka Iringa kwenda Mbeya au Dar es Salaam, wakipeleke kikapu ofisi ya mizigo ya basi siku moja kabla ya safari badala ya asubuhi ile ile ya kuondoka. Toa chupa za asali na jamu, zifungwe peke yake katika boksi lenye nguo au magazeti katikati, kwa sababu chupa zikiwa ndani ya kikapu hugongana na kuvunjika kwenye kona za barabarani, kama zile za mlima Kitonga kwenye njia ya Dar es Salaam, na asali ikishamwagika kwenye milulu haitoki. Kikapu kijazwe vitu vikavu na vyepesi tu, kifunikwe na kitambaa kilichoshonewa mdomoni kwa mishono mirefu ambayo mpokeaji ataikata kwa urahisi, na jina lake pamoja na namba ya simu viandikwe kwenye kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye mshikio, na vingine kama hivyo viwekwe ndani, kwa kuwa kile cha nje kinaweza kung'oka njiani. Andika pia neno "kisilaliwe na mzigo" kwa herufi kubwa, na umwombe mpokezi wa mizigo akiweke juu ya vingine.